Mshipi wa Mwambani: Panga Mapema Kitakachokatika

Chewa hakimbii mbali. Akishameza chambo hugeuka, hupiga mkia mara mbili tatu, akarudi shimoni alikotoka. Humo hutanua mashavu na mapezi, akajikaza kwenye kuta za matumbawe, na hapo kumtoa ni kazi nyingine kabisa. Kuna sekunde chache tu kati ya kudona na kuingia shimoni, na ndani ya sekunde hizo ama umemwinua pima mbili tatu juu ya mwamba, ama humpati tena. Ndiyo maana anayevua miambani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, awe kwenye ngalawa na mshipi wa mkono au kwenye boti na fimbo ya kuvulia, hushinda au hushindwa kabla hajatia nanga. Kazi hufanyika pwani, wakati anafunga ndoana.

Wengi hudhani dawa ni kununua nailoni nene. Nene ina mahali pake, lakini mwambani si samaki peke yake anayeuvuta mshipi wako. Mara nyingi zaidi ni chubwi lililoingia kwenye ufa na kugoma kutoka. Kama umefunga kila kitu kwa uzi mmoja mnene, utavuta mpaka kitu kikatike, nacho kitakatika popote penye udhaifu usioujua, pengine juu karibu na mkono wako, kwenye mkwaruzo wa juzi. Chini zitabaki ndoana zote, chubwi, na pima kumi za nailoni zikijizungushia matumbawe. Kwa hiyo panga mapema: njia yote kutoka mkononi mwako mpaka kwenye mdomo wa samaki iwe imara, na njia inayokwenda kwenye chubwi iwe dhaifu kwa makusudi. Mengine yote katika mwongozo huu yanafuata hapo.

Kwanza jua unamfungia nani. Changu ana meno makali mbele na mapana nyuma, ya kuvunjia kome na kaa. Hupenda mchanga ulio kando ya mwamba kuliko mwamba wenyewe, ni mwangalifu, na hula hata usiku. Huyu anataka uzi mrefu mwembamba kiasi na chambo kinacholala chini bila kuvutwavutwa. Kungu na kelea wana meno ya mbele yaliyochongoka. Wanadona kwa nguvu na huweza kuchuna nailoni. Chewa ana mdomo mpana na meno madogo mengi yanayosugua uzi badala ya kuukata, na kwake kinachohitajika ni uzi mnene na mfupi. Kikande na bunju wana meno ya kukata nailoni kama mkasi, na ukianza kupandisha uzi mtupu mara kwa mara bila kuhisi mvuto wowote, ujue ni wao. Pono usimhangaikie: chakula chake ni mwani anaoukwangua kwenye matumbawe, na wanaompata humpata kwa dema na nyavu, si kwa chambo cha ngisi.

Sasa nailoni. Dukani usiulize "nene" au "nyembamba"; soma kwenye bobini. Uzi wa milimita 0.60 hubeba takriban kilo 20, wa 0.80 karibu kilo 30, na wa milimita 1.00 hukaribia 45, kutegemea kiwanda. Kwa mshipi wa mkono kwenye pima 10 hadi 25 za maji, mshipi mkuu wa 0.80 hadi 1.00 unatosha, na sababu moja ya kuuchagua ni vidole vyako: uzi mwembamba unakata ngozi hata samaki akiwa wa kilo mbili. Kumbuka pia kwamba nailoni hunywa maji. Ikishaloa hupungua nguvu kidogo, na ikianikwa juani miezi kadhaa hupungua nyingi. Bobini iliyokaa dirishani mwa duka mpaka rangi ikafifia iache hapo hapo, hata ukipunguziwa bei.

Nailoni ina sifa moja ambayo watu huilaumu bila haki: hunyumbuka. Kwenye mshipi wa mkono kunyumbuka huko kunakuokoa, kwa sababu mvuto wa kwanza wa chewa hauliangukii fundo kwa kishindo. Wenye fimbo siku hizi hupenda uzi wa kusukwa, ambao haunyumbuki na hukufikishia mkononi kila mdono. Ni mzuri, lakini tumbawe likiugusa tu unachanika, na mkononi mtupu unafika mfupani. Ukiutumia, mwisho wake unganisha pima mbili au tatu za nailoni ya 0.80 au zaidi, ili kinachosuguana na mwamba kiwe nailoni. Kuna na florokaboni, nzito kuliko nailoni na ngumu zaidi kukwaruzika. Bei yake ni kubwa, basi inunue kwa ajili ya vipande vifupi vinavyoshika ndoana tu; kuijaza bobini nzima ni kutupa fedha.

Namba za ndoana zinawachanganya hata wauzaji. Kwa ndoana ndogo, namba ikipanda ndoana inapungua: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Ukipita namba 1 hesabu inageuka, zinaanza za sifuri, na hapo 5/0 ni kubwa kuliko 2/0. Tena kila kiwanda kina mazoea yake, na baadhi ya ndoana za zamani zina hesabu nyingine kabisa. Kwa hiyo pima kwa mkono. Uwazi kati ya mti wa ndoana na ncha yake ukilingana na unene wa kidole chako cha mwisho, ndoana hiyo ni ya changu wa kawaida. Ukilingana na kidole gumba, ni ya chewa. Kisha angalia unene wa chuma chenyewe. Ndoana ya chuma chembamba kwenye nailoni ya milimita moja itanyooka kabla uzi haujakaza. Wapo wavuvi wanaoitaka hivyo kwa makusudi, wakivua samaki wadogo kwenye matumbawe mengi: ndoana ikinasa, inanyooka na kurudi. Kwa chewa hilo halifai.

Ukali wa ncha upime kwenye ukucha. Iburute bila kukandamiza. Ikiteleza, inole kwa tupa ndogo au itupe. Ndoana za duara, zile ambazo ncha imeinama kuelekea kwenye mti, zina faida kubwa mwambani: mara nyingi hushika pembeni mwa taya badala ya tumboni, na ncha yake ikiwa imeinama ndani haikimbilii kunasa kwenye matumbawe. Sharti lake ni moja, nalo ni gumu kwa waliozoea. Usikupue. Samaki akivuta, nawe vuta taratibu kwa mkazo usiolegea, ndoana ijizungushe yenyewe mpaka kwenye taya. Ukikupua unaichomoa. Ndoana za chuma kisichoshika kutu mimi sizipendi mwambani. Samaki akikatika nayo, ya kawaida huoza mapema zaidi.

Tuje kwenye mafundo, maana hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bila mtu kujua. Fundo la kawaida, lile la kufungia mfuko, huweza kupunguza nguvu ya nailoni hadi karibu nusu. Hata likijifunga lenyewe katikati ya mshipi ukiwa unakunja, lina madhara hayo hayo. Lifungue au likate. Na kila fundo, liwe la aina gani, liloweshe kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni kavu ikisuguana na nailoni hupata joto, na joto hilo linaiharibu. Utaliona fundo lililokazwa kavu: pale penye mkunjo pamekuwa na weupe na uzi umejipinda. Likate, anza upya.

La kwanza la kulijua ni la kufungia ndoana kwenye mti wake, kwa kuwa hufaa kwa ndoana yenye tundu na kwa ile yenye kichwa bapa isiyo na tundu. Pitisha ncha ya nailoni tunduni kutoka upande unaotazamana na ncha ya ndoana, itokee mgongoni. Vuta kiasi cha shibiri. Ilaze kando ya mti, kisha irudishe nyuma ifanye tanzi lililolala sambamba na mti huo. Shika mahali hapo kwa kidole gumba na cha shahada. Sasa ile ncha izungushe kwenye mti pamoja na uzi uliolala juu yake, kila mzunguko ukipita ndani ya tanzi, mara saba. Mizunguko ikae bega kwa bega, usiwepo unaoupanda mwingine. Ukiona umepanda, rudi nyuma mzunguko mmoja. Lowesha. Vuta ncha kwanza mpaka mizunguko ijibane, sogeza yote kuelekea tunduni, kisha shika ndoana kwa koleo na uvute uzi mkuu kwa nguvu. Kwa ndoana ya kichwa bapa ni vile vile, ila hakuna tundu la kupitia: uzi unalala tu juu ya mti, na kile kichwa kinazuia mizunguko isichomoke. Hakikisha uzi unatokea upande wa mbele, ule wa ncha, usije ukakatwa na ukingo wa chuma.

Faida ya fundo hili ni kwamba mzigo unagawanyika juu ya mti mzima badala ya kubana sehemu moja ya uzi tunduni. Tena uzi ukivutwa, ndoana inainuka na ncha inaelekea kwenye nyama.

La pili ni tanzi la kutoa tawi katikati ya uzi. Tengeneza duara la ukubwa wa kiganja, na pale nyuzi mbili zinapopishana zisokote pamoja mara tano au sita. Katikati ya msokoto huo panua kitundu kwa kidole. Chukua ile sehemu ya duara iliyo mkabala, ipenyeze kwenye kitundu, ishike kwa kidole au kwa kijiti, lowesha, kisha vuta ncha zote mbili za uzi kwa pamoja. Litabaki tanzi lililosimama pembeni ya uzi, halilali. Mara ya kwanza litakushinda, na mara nyingi ni kwa sababu kitundu cha katikati kimejifunga kabla hujapenyeza. Weka kipande cha kijiti cha kiberiti hapo mpaka mkono uzoee.

La tatu ni tanzi la mwisho wa uzi, la umbo la nane. Kunja uzi uwe maradufu, zungusha ule mkunjo nyuma ya nyuzi zake, kisha upenyeze kwenye duara lililojitokeza. Hili ndilo la kuunganishia tanzi kwa tanzi, na kwa hayo matatu unaweza kuvua maisha yako yote. Kuna mafundo mengine mazuri, lakini fundo moja unalolifunga gizani, boti ikiyumba, lina thamani kuliko kumi uliyoyaona mara moja.

Seti ya kwanza ya kufunga ni ya chubwi chini na ndoana juu. Chukua nailoni ya 0.80, urefu wa pima moja na nusu. Juu weka suiveli au tanzi la nane la kuunganishia mshipi mkuu. Kutoka mwisho wa chini, pima shibiri mbili na ufunge tanzi la tawi. Panda shibiri tatu, funga jingine. Matawi mawili yanatosha. Matatu mwambani ni kuomba yanase, na samaki wa kwanza akizunguka atasokota yote. Kila tawi liwe na kipande cha nailoni cha shibiri moja, chenye ndoana, kilichounganishwa tanzi kwa tanzi. Kiwe kifupi kuliko nafasi iliyo kati ya matawi, ndoana zisije zikafikiana na kushikana.

Sasa lile la muhimu. Mwisho wa chini usifunge chubwi moja kwa moja. Weka tanzi, na kwenye tanzi hilo unganisha kipande cha shibiri moja na nusu cha nailoni nyembamba, ya 0.40, inayobeba kama kilo 10. Chubwi lifungwe hapo. Likinasa, kipande hicho ndicho kitakachokatika. Wewe utapandisha ndoana zako zote, na kama kuna samaki utampandisha naye. Tofauti ya nguvu iwe kubwa. Wengine huweka 0.60 chini ya 0.80, na hiyo haisaidii kitu, maana ukishatoa kinachopotea kwenye mafundo hujui tena ni kipi kitatangulia.

Kwa kuwa chubwi sasa ni la kupotea, lisiwe la gharama. Nati kubwa kuukuu, plagi ya gari iliyokufa, jiwe refu lenye kiuno cha kufungia kamba, vyote vinafika chini. Risasi ni nzito zaidi kwa ukubwa wake na haiburutwi sana na mkondo, lakini ni sumu: usiibane kwa meno, na ukiiyeyusha fanya nje penye upepo, mbali na watoto na vyombo vya kupikia. Kibao au kopo la kumiminia lazima liwe kavu kabisa. Tone moja la maji chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha usoni. Uzito unaofaa ni mdogo kabisa unaoweza kushuka na kutulia chini. Siku za maji mafu gramu 100 hadi 150 huweza kutosha; bamvua likishika kasi huenda ukahitaji mara mbili au tatu ya hapo, na ukiona hata hilo linaburutwa, subiri maji yapungue mwendo badala ya kuongeza chuma.

Seti ya pili ni ya changu mwangalifu na wakubwa wa kando ya mwamba. Hapa chubwi lina tundu katikati na linateleza juu ya mshipi mkuu. Lipitishe, kisha funga suiveli ndogo ya kulizuia lisishuke, na chini ya suiveli weka pima nzima ya nailoni ya 0.60 au florokaboni, yenye ndoana moja. Samaki akiokota chambo na kuondoka, uzi unapita ndani ya chubwi naye hahisi uzito. Ni seti ya mchanga na vifusi vya matumbawe. Kwenye mwamba wenye mashimo itakutesa, kwa sababu uzi mrefu unaolala chini unapita kila penye ufa, na chubwi lililotiwa njiani halina kipande cha kukatika. Lakini penye uwazi, usiku, na mkia wa pweza au kipande cha ngisi kwenye ndoana, sijaona kinachoizidi kwa changu.

Waya usiutumie ila umelazimika. Changu huuona au huuhisi na kuacha. Ikiwa kikande wanakumaliza, jaribu kwanza ndoana yenye mti mrefu, meno yagonge chuma badala ya uzi, au hama pima thelathini. Kikande wengi maana yake ni kwamba changu hapo watapata shida kufikia chambo hata ukifunga nini. Nguru na tengesi wanaopita juu ya mwamba ni habari nyingine, na hao waya wa shibiri moja unawafaa.

Kabla ya kutoka, jaribu seti moja kwa kuivunja. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Funga tanzi la juu kwenye mizani, chubwi lipige mkingamo kwenye mti au nguzo, geuza uso pembeni, uvute polepole huku mwenzako akisoma. Ikikatika pale kwenye 0.40, umefunga vizuri. Ikikatika kwenye tawi au kwenye suiveli, fundo hilo lina kasoro, na ni heri umeliona pwani. Suiveli za bei rahisi ndizo zinazoaibisha watu zaidi. Nyingi hufunguka kwa kilo chache mno.

Kujua mahali pa kushushia ni sehemu ya kazi. Watamu, Malindi na Kisite, ndani ya hifadhi zenyewe, kuvua ni marufuku. Matumbawe ya Chumbe kule Unguja yamefungwa pia. Na Mafia kuna maeneo yaliyotengwa yenye masharti tofauti. Uliza kwa kamati ya uvuvi au kwenye diko la karibu kabla ya kutia nanga.

Ukifika, tia nanga kwenye mchanga, juu ya mkondo, ili chambo kielekee mwambani na wewe usimame nje yake. Samaki akinaswa utakuwa unamvuta kumtoa mwambani, siyo kumpitisha juu yake. Shusha mpaka chubwi liguse, kisha pandisha kiasi cha dhiraa moja. Mshipi uuache ujikunje ndani ya ndoo au kikapu mbali na miguu, na usiuzungushe mkononi hata mara moja. Vaa vidoleni vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli na uushike kwa kubana. Akivuta, inua pima tatu za kwanza bila kupumzika wala kufurahia. Ukishampata juu ya mwamba una muda wa kutosha.

Chewa akikuwahi shimoni, usivute mpaka ukakata. Legeza mshipi uwe mlegevu kabisa, uushike kwa vidole viwili, na usubiri dakika kadhaa. Mara nyingi, asipohisi mvuto, hujitokeza mwenyewe, na uzi utauona unatembea. Hapo vuta. Na likinasa chubwi, zungusha mshipi kwenye kipande cha mti, sogeza chombo upande wa pili wa mwamba, vuta kwa mkazo ulionyooka mpaka 0.40 iachie. Ukipandisha, pitisha pima ya mwisho ya uzi kati ya kucha mbili. Ukisikia mkwaruzo hata mdogo, kata juu yake, funga upya, na kile kipande kilichokatwa kitie kwenye chupa tupu ya maji uliyokuja nayo, kisiende baharini kunasa kasa au panga ya injini ya mwenzako.